Maneno Ishirini na Matano

Mchele unakaangwa bila mafuta hadi uwe kahawia,
unapoa, unafungwa kwenye kitambaa cha kanga kuukuu,
unawekwa ndani ya kopo la biskuti pamoja na barua.
Unakunywa unyevu. Kila Januari naubadili.
Ndivyo alivyofanya bibi yangu, Somoe binti Likwata,
aliyefua nguo za karani wa mkonge pale Kikwetu
na ambaye hakujua kusoma hata jina lake.

Karani aliitwa Lazar. Watu wa Mikumbi walimwita Bwana Laza,
Myahudi aliyeikimbia Ujerumani na sanduku moja na kikohozi.
Alikufa kwa homa kabla sijazaliwa.
Barua ni tisa, nane za mdogo wake, Armin,
zilizopita Uswisi, zikapita mikononi mwa wakaguzi,
zikafika Lindi miezi saba baada ya kuandikwa.
Fomu ya Msalaba Mwekundu. Maneno ishirini na matano, yasizidi.
Habari za familia tu.

Kimbunga cha hamsini na mbili kilipong'oa mabati
bibi alibeba kopo kwanza, mtoto baadaye.
Mtoto huyo ni mama yangu. Hajasahau.

Kijana wa steshenari karibu na stendi
anataka kuzitia plastiki: "Zitadumu, mwalimu, hata zikiloa."
Nimekataa. Karatasi ina pumzi yake;
ukiiziba inaoza kimyakimya, huku unaitazama.

Sista mmoja mzee wa Nyangao, Mjerumani, ndiye aliyenisomea.
Alisoma polepole, kidole kikiitangulia sauti:

Kaka Lazar, mimi mzima. Nafanya kazi barabarani.
Mama amesafiri. Glavu zako ningali nazo.
Huko kwako kuna joto? Nakukumbuka.

Nikauliza mama alisafiri kwenda wapi.
Sista akaomba maji. Nikamletea. Hakuyanywa.

Usiku nikahesabu, mazoea ya kufundisha hesabu darasa la nne.
Kwa Kijerumani ni ishirini na matano kamili,
kayabana kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba fupi.
Kwa Kiswahili ni kumi na nane.
Nakukumbuka yake ni maneno manne; yetu ni moja,
mimi na wewe tumo humohumo.
Yamebaki saba.
Laiti angekuwa na lugha hii, angepata nafasi ya saba zaidi:
njaa, labda. Jina la msimamizi. Vidole ndani ya glavu.
Nilishika kalamu nijaze. Nikaiweka.
Si maneno yangu.

Chini ya barua kuna kipande cha babu, Mkalimula,
mkata mkonge, visanduku thelathini,
ishirini na tisa vimetiwa alama, kimoja kitupu.
Aliugua siku hiyo? Aligoma? Hakuandika popote.
Sisemi mambo haya ni sawa. Babu alirudi nyumbani,
jicho moja limechomwa na mwiba, akazaa, akazeeka, akagombana na kila mtu.
Armin hakurudi.
Ila kopo ni moja, na mchele unaowalinda ni uleule.

Barua ya tisa ni jibu la Lazar. Ilikwenda, ikarudi
na muhuri wa zambarau: Amehama, hakuacha anwani.
Sista aliutafsiri akitazama dirishani.
Mimi nikaandika kwa penseli kwenye daftari, herufi ndogo.
Kwa hiyo swali la joto halikujibiwa.

Leo ni Januari. Lindi inachemka, mabati yanalia,
jasho linanidondoka puani, nalikinga kwa kiganja lisiguse wino.
Kikaango kiko motoni.
Lipo, Armin, nasema. Joto lipo.
Jirani, upande wa pili wa ukuta, anauliza naongea na nani.
Namwambia nakaanga mchele.